Célestine na Maji ya Uwanja wa Golf

Mvua ikianza, watu wa uwanja wa golf wa Kisangani wanakimbilia paa. Célestine alikuwa anatoka. Alifunga kitenge kichwani, akabana vijiti kwapani, akaenda peku kwenye nyasi. Pale maji yaliposimama, alichomeka kijiti. Pale yalipopita, alipaacha. Hakuchimba siku hiyo. Alisema udongo uliolowa ukiuchimba unakasirika, unajifunga. Kiangazi kikifika, ndipo alirudi kwenye vijiti vyake na jembe, akafungua mfereji.

Mvua kuangalia, kiangazi kuchimba. Aliifanya kazi hiyo mpaka mwaka aliokufa. Mikono yake ilinuka udongo hata Jumapili, kanisani. Ilikuwa harufu nzuri.

Alizaliwa Yanonge, mtoto wa watu wa mto. Aliletwa Kisangani kuolewa. Maji aliyajua kabla ya kujua nyasi.

Upande wa chini wa uwanja, kwenye bendera ya mwisho, gazon, zile nyasi fupi za kuchezea, ilikuwa inaoza kila mvua. Msimamizi, Papa Édouard, hakuwa mtu mbaya. Alimwambia polepole:

"Mama Célestine, panda tena. Lakini ikioza na safari hii, bon, tunaacha upande huu uwe pori. Na weye utapumzika nyumbani."

Kupumzika! Kiangazi kizima Célestine alibeba mchanga wa mto kichwani, akaumwaga pale. Akazibua mfereji mpaka chini, unakotelemka kwenda kijitoni. Kisha akapanda vipande vya gazon kimoja kimoja, kama mtu anayepanda matembele. Asubuhi aliinyeshea, jioni akaiangalia. Ikashika. Ikawa kijani.

Mwezi wa tatu, mvua kubwa ya kwanza ilipiga alfajiri. Célestine alifika mbio, mvua ikikatika. Akakuta maji yamejaa kuzunguka bendera. Hayaendi popote. Na mawingu yalikuwa yanafunguka.

Maji peke yake hayaui gazon. Jua ndilo linaiua, likiikuta chini ya maji. Linaipika kama majani ya pondu kwenye sufuria. Kwa hiyo maji yalitakiwa kuondoka kabla jua halijapita vichwa vya miti.

Alifuata mfereji mpaka chini. Akakuta wanawake wa mtaa wamo ndani, matope magotini. Katikati yao Fanny, dada mdogo wa mume wake. Walikuwa wameziba mfereji kwa udongo na majani ya ndizi, huku juu na kule chini, na sasa wanachota maji ya katikati kwa mabeseni. Ndivyo wanawake wa kule wanavyovua: maji yakiisha, samaki, hasa ngolo, yule kambare wa matopeni, anabaki kwenye tope, unamshika kwa mkono.

"Semeki!" Fanny akamwita wifi yake. "Umesikia harufu ya ngolo mpaka kule juu?"

"Fanny, nani aliziba hapa?"

"Sisi. Jana, maji ilikuwa kidogo tu. Mvua imetuletea bahati."

"Imewaletea bahati, mimi imeniletea kifo cha gazon yangu. Mufungue ukuta wa juu."

"Tufungue? Samaki yote ikimbie mtoni, mpaka kwa wavuvi Wagenia?" Wanawake wakacheka. "Tazama, mutoto wa Yanonge! Amekuwa mutu wa majani sasa, kama mbuzi!"

Célestine alikuwa na jembe mkononi. Pigo moja lingetosha. Lakini kwao, ukuta wa maji hauvunjwi na mtu ambaye hakuujenga. Mwanamke akifanya hivyo, jina lake linatembea sokoni mpaka uzee. Alijua pia neno lingine la kwao: anayechota, hata akichelewa kuja, ni mtu wa ukuta ule, na ana sauti wakati wa kuufungua.

Akaweka jembe chini. Akapandisha kitenge. Akawapigia kelele wenzake wa kazi kule uwanjani waje na ndoo.

"Bon. Tumwage maji wote pamoja," akasema. "Lakini mbio. Jua lisinikute hapa."

Akachota. Watu wanasema hawajaona mtu anachota vile, na hakuwa kijana tena. Samaki aliyemgusa mguu alimrusha ukingoni bila kumtazama.

"Pole pole, semeki, utavunja mugongo!"

"Mugongo ni yangu. Chota!"

Maji yakashuka. Ngolo wakaanza kupiga mikia kwenye tope. Jua lilikuwa limefika kwenye miti. Sasa ilibaki kazi tamu: kuingiza mkono kwenye mashimo ya ukingo, wanakojificha wale wakubwa. Kazi hiyo haitaki haraka. Wanawake wakainama.

Célestine akasimama. Aliangalia juu, kule kwenye bendera, kisha jua, kisha bendera tena.

Fanny alimwona. Akavuta mkono kutoka shimoni, mtupu. Akapanda ukingoni, akachukua lile jembe, akapiga ukuta wa juu mwenyewe.

"Samaki wa shimo waende!" akawaambia wenzake. "Tokeni, maji inakuja!"

Maji yalitoka kwa kelele, yakaubeba na ukuta wa chini. Kule juu yakavutika kutoka kwenye gazon kama shuka inayovutwa kitandani. Jua lilipopiga, lilikuta kidimbwi kimoja tu, pembeni. Célestine alipanda mbio, akakitoboa kwa uma wa bustani ili maji yazame, mpaka jasho likamfumba macho. Pembe ile haikupona.

Wakagawa samaki. Fanny alimwekea fungu kubwa. Célestine akalipunguza.

"Kiangazi ingine muzibe kule chini zaidi, karibu na kijito. Nitawaonyesha mahali."

"Na ngolo ikikataa kukaa kule?"

"Nitaongea nayo. Ni ndugu zangu."

Juma lililofuata Papa Édouard alikuja kuangalia. Aliona ile pembe ya njano, akatikisa kichwa.

"Na hii ingine? Iko hai, ao inadanganya?"

"Vuta," Célestine akasema.

Papa Édouard akainama, akashika gazon, akavuta. Haikutoka; mizizi ilikuwa imeshika. Akavuta kwa mikono miwili. Akasimama, akapangusa vidole kwenye suruali.

"Bon," akasema. "Kesho utanionyesha mahali pa kumwaga mchanga mwingine."