Mkono wa Kushoto Utangulie

Nakumbuka siku moja nilipiga mipira mitatu ya juu mfululizo, na yote mitatu ikafia kwenye wavu. Ilikuwa uwanja wa tenisi wa udongo, pale Moshi mjini. Jumamosi yake angechaguliwa kijana mmoja wa kwenda kucheza Arusha, na mimi, mwanangu, nilikuwa sijawahi kulala nje ya Moshi. Miguu ilikuwa inaniwasha kwa hamu ya safari.

Mwalimu wetu, Mzee Elirehema, hakunifokea. "Kesho njoo kwangu Mwika," alisema. "Raketi iache nyumbani."

Nilipofika nikampa shikamoo, naye akanipa panga. "Kata mkungu ule."

Ulikuwa juu kidogo ya kichwa changu. Nikatazama chini, pale nilipotaka uangukie, nikafyeka kwa nguvu zote. Mkungu ulishuka kama jiwe, ndizi zikapasuka. Mkewe alicheka mpaka akashika kiuno.

"Baba, huyu umemleta kwa ajili ya ng'ombe! Leo watashiba kuliko sisi."

Mzee akaenda kwenye mgomba wa pili. Akasimama ubavu, akainua mkono wa kushoto mpaka ukaushika mkungu, macho juu, panga likisubiri nyuma ya kichwa. Ndipo akakata. Mkungu ukatua begani kwake kama mtoto anayebebwa.

"Umeona? Kushoto kunapokea, kulia kunakata. Wewe unakata kabla hujapokea, tena macho yako yako kwa jirani!"

Jumamosi, pointi ya mwisho ya mchujo, mpinzani wangu akaurusha mpira juu sana. Nikageuka ubavu, nikarudi nyuma kwa hatua ndogondogo, mkono wa kushoto ukiuelekea mpira kana kwamba nitaudaka. Sikutazama kwingine. Nikaupigia mbele kidogo ya kichwa. Haukurudi.

Nilikwenda Arusha, na tangu hapo sijatulia mji mmoja, hilo usiniige.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Cha juu hawakutuambia. Basi nakwambia mimi: mpira wa juu upokee kwanza kwa mkono na kwa macho, nguvu zije mwisho. Na kazi, na mchumba, na hasira yako, ni vivyo hivyo.

Mungu akujalie bega la kubeba ulichokikata, mwanangu. Ukipita Mwika, nisalimie migomba ile.