Mama wa Nabalayo kwenye Mikebe ya Mai Mahiu

Nabalayo hakuwa mtu wa kujieleza. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru. Baba yake, mtu wa Bungoma, alikuwa fundi wa mabehewa, na mama yake alikaanga njugu, akazisaga, akawauzia majirani. Sasa Nabalayo mwenyewe ana duka karibu na soko, mashine mbili za kusaga, na siagi ya njugu ambayo ukiionja utarudi. Shida ni kwamba walioijua ni wale tu waliopita mlangoni pake.

Binti yake Natalie ndiye aliyemshauri atafute mwandishi wa matangazo. "Mum, kwa page yako umeandika 'njugu zipo', basi. Nani atakuja?" Akampa namba ya Sydney, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, asiye na ofisi wala mwajiri, ambaye huandikia biashara ndogo ndogo maneno ya vibandiko na ya mtandaoni.

Sydney alikuja akavuta kiti cha plastiki. Hakuuliza habari za bei. Aliuliza, "Mathe, hii kazi ulifunzwa na nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alianza kwa kusitasita, ikawa alasiri tatu nzima. Alimweleza jinsi mama yake, Nakhumicha, alivyopofuka na bado akakataa kuacha kazi. Alikaa mbele ya jiko akivuta harufu, na njugu zilipoiva alisema neno moja: "Toa." Hakukosea kwa miaka saba. Siku alipokosea, sufuria nzima ikaungua, alilia kama mtoto, na hakuligusa jiko tena mpaka kufa kwake. Habari ya sufuria ile Nabalayo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mumewe.

Sydney aliweka kalamu chini. "Pole sana, mathe. Hii tutaiandika na heshima."

Kweli aliiandika kwa heshima. *Mama alipopoteza macho, pua yake ikaanza kuona*, ndivyo ilivyoanza. Nabalayo alisoma, akaingia stoo, akafunga mlango akalia. Maneno yakabandikwa kwenye kila mkebe na kuwekwa mtandaoni. Wateja walianza kupiga simu hata kutoka Bahati, nje ya mji, na wengine walimpa pole kwanza ndipo wakaagiza.

Miezi mitano baadaye, Sitati, dereva wa lori aliyekuwa mteja wake wa siku nyingi, aliweka mkebe juu ya kaunta. "Kumbe umefungua branch Mai Mahiu na hata hukuniambia."

Haukuwa mkebe wa Nabalayo. Jina la duka lilikuwa la mtu mwingine. Lakini upande wa nyuma yalikuwepo maneno yale yale: macho, pua, "Toa", hadi sufuria iliyoungua.

Asubuhi iliyofuata alifunga duka akateremka Mai Mahiu. Mwenye mikebe alikuwa Ephantus, aliyeuzia madereva njugu na asali kando ya barabara. Nabalayo aliiweka mikebe miwili mbele yake. Ephantus akausoma wa kwanza, akausoma wa pili, uso ukamshuka.

"Sydney aliniambia ni hadithi tu ya kuvuta wateja," akasema.

"Na mama yako haoni?"

Ephantus aligeuza kichwa. Nyuma yake palikuwa na mwanamke mzee akichambua njugu, akitupa zilizooza bila hata miwani. Aliomba asomewe. Aliposomewa akamwambia mwanawe, "Kumbe ndiyo sababu madereva hunishika mkono nikivuka barabara."

Hakuna aliyecheka. Vibandiko vikatolewa wiki hiyo hiyo.

Sydney alikutana na Nabalayo hotelini mjini Nakuru, mchana, akaagiza chai ya watu wawili kana kwamba ni siku ya kawaida.

"Mathe, wewe ulinipa habari. Maneno niliyatunga mimi."

"Nakhumicha hukumtunga wewe."

"Sikuweka jina lake. Kazi ilikuwa inatakiwa kesho yake, na ile yako ilikuwa imeshika watu." Akasogeza kikombe. "Wacha nikuandikie ingine poa zaidi. Ya bure."

Hapo ndipo Nabalayo alipoumia kabisa. Mtu huyu alikuwa amemsikiliza alasiri tatu, na aliamini kuna habari nyingine kama ile.

Alibandua maneno kwenye mikebe yake pia. Natalie alipinga, akasema sasa ni haki yao. Nabalayo hakubishana. Alijua tu kwamba Jumapili iliyotangulia, shangazi mmoja alipomtaja Nakhumicha mezani, yeye alifungua mdomo kusimulia na kilichotoka kilikuwa sentensi ya Sydney, neno kwa neno. Aliitafuta sauti yake mwenyewe asiipate.

Mauzo yalipungua, ingawa si sana.

Mwezi uliopita Chemutai, mwenye saluni ya jirani, alikuja kuuliza kama Sydney anafaa kumwandikia matangazo.

"Anaandika vizuri," Nabalayo akamjibu, akiendelea kujaza mkebe. "Mwambie unasuka mitindo gani na unafungua saa ngapi. Ya nyumbani kwenu, nyamaza."