Sakafu ya Mke wa Mkamaji

Mikono ya mke wa mkamaji wa ng'ombe haikujua kutulia. Kikombe kikishanywewa chai, kilioshwa papo hapo kikarudi kwenye msumari wake. Kila Jumamosi alisiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe na majivu, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Wanawake wenzake wa shamba la mzungu huko Dundori walimcheka: "Nyumba ni ya mzungu. Unamsafishia nani?"

"Najisafishia mimi," alijibu, akifagia.

Mwaka mpya wa 1957 nyapara alikuja kukagua nyumba, akiingia kila mlango na buti zenye matope ya zizi. Kwa mke wa mkamaji alisimama, akaitazama ile sakafu, akainama akavua buti zake.

"Hodi, mama."

Mke wa mkamaji alimwacha asimame pale na soksi zilizotoboka, majirani wote wakitazama, ndipo akasema, "Karibu."