Tofali Alilopikiwa Jaji

Kila alfajiri, kabla ya kushuka kwenye pikapu yake, Verlene Stallcup alivua hereni akaziweka kwenye kisahani cha majivu ya sigara, maana jela ya Kaunti ya Tolliver haikuruhusu mapambo jikoni. Akapaka mafuta ya mikono, akakaa dakika moja bila kufanya lolote, kisha akaingia kazini. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Wafungwa walimwita Mama Verlene. Wengine aliwafundisha shule ya Jumapili wakiwa wadogo, na walipokutana tena pale hakuna aliyejifanya kushangaa.

Alikuwa mpishi hasa. Maharage yake yaliwafanya askari wajipitishe jikoni bila shughuli. Kitu kimoja tu alikipika vibaya, tena kwa amri: mkate wa adhabu, ambao wafungwa waliuita tofali. Karatasi ya mapishi yake ilibandikwa ukutani. Maharage, kabichi, karoti, unga na nyama, vyote visagwe pamoja, viokwe mpaka vikauke. Chumvi marufuku. Aliyerusha sinia alikula tofali asubuhi, mchana na jioni, siku saba. Mwaka mmoja mkono wa Verlene ulijisahau ukatia chumvi. Mfungwa akamaliza lote, akaomba nyongeza. Kesho yake Verlene akapewa barua ya onyo kwamba ameharibu adhabu.

Ndipo akaletwa Jarvis Ledbetter, kijana wa miaka ishirini aliyekamatwa akiendesha gari bila leseni. Dhamana ilikuwa dola elfu mbili, na mama yake alikuwa na mia moja na kumi. Basi akawekwa ndani kungojea kesi ambayo, hata angeshindwa, angetozwa faini aende nyumbani. Wiki ya sita alipoambiwa kesi imeahirishwa tena, alirusha sinia. Akapewa tofali siku saba. Kwa kuwa alilirudisha bila kulimaliza, akaongezwa saba nyingine, kwa kosa la kutoheshimu adhabu.

Verlene aliuona mkono wake ulipotokeza kwenye kidirisha cha chakula. Ulikuwa umebaki mfupa.

"Kula mwanangu, hata robo."

"Mama Verlene, nikila kinarudi. Nisipokula kinarudi vilevile. Bora nikipunguzie safari."

Wakili wa msaada wa kisheria akasikia, akafungua kesi. Katiba, alisema, inakataza adhabu ya kikatili na isiyo ya kawaida. Wakili wa kaunti akajibu kwa kurasa kumi na moja kwamba tofali hutolewa kila mwezi, kwa hiyo hakuna jambo la kawaida kulizidi. Jaji Ottinger, mama mzima asiyependa maneno mengi, akasema makaratasi yamemchosha, ataonja mwenyewe. Mpishi alilete Ijumaa saa nne asubuhi. Jaji akiona linalika, Jarvis arudi kumalizia siku tano zilizobaki.

Alhamisi, Mkuu Pruett, msimamizi wa jela, akaingia jikoni na kufunga mlango.

"Mama, tofali la kesho litie vitunguu."

"Karatasi inasema..."

"Karatasi nimebandika mimi. Tia vitunguu, tia chumvi, na ile soseji ya askari. Jaji ni mtu mzima, tumbo lake si la kuchezea."

"Na la Jarvis?"

"La Jarvis lina karatasi yake." Akachukua biskuti mbili mezani. "Umebakiza mwaka mmoja upate pensheni, Mama. Usijichoshe na mambo ya katiba."

Verlene akapika. Akatia vitunguu, chumvi na soseji, na juu akapaka asali, kwa kuwa yeye aliyeonywa kwa kutia chumvi sasa alikuwa ameagizwa aitie.

Mahakamani Jaji alikula kipande, akakata cha pili. Karani naye akaonja, akafumba macho. Wakili wa kaunti alitabasamu kama aliyekioka yeye. Jarvis alikaa pembeni na minyororo yake, nguo ya jela ikimpwaya, harufu ya soseji ikimfikia. Verlene alipompita, Jarvis akamnong'oneza, "Kumbe unajua kupika."

Jaji akafuta midomo. "Hiki ndicho alichokula kijana huyu?"

"Ndicho, Mheshimiwa," wakili wa kaunti akadakia.

"Sikukuuliza wewe. Namuuliza mama."

Verlene akamtazama Pruett, naye akawa anakagua viatu vyake.

"Ndicho, Mheshimiwa, ukitoa vitunguu. Na chumvi. Na soseji, na hiyo asali juu. Kinachobaki ndicho alichokula, mara ishirini na saba."

Jaji akaweka uma chini. "Nani alikuagiza uvitie?"

"Mkuu Pruett. Ila asali ni yangu, hiyo asilaumiwe."

Watu wakacheka, Jaji hakucheka. Akaamuru Jarvis ale wanachokula wenzake kuanzia mchana ule, na dhamana yake iangaliwe upya Jumatatu.

Pruett akamsogelea Verlene. "Tutaongea jikoni."

"Jikoni tulishaongea, Mkuu. Jana. Mlango uliufunga wewe."

Verlene akavua funguo za jela shingoni, akaziweka mezani mbele ya Pruett, akatoka. Saa tano ilikuwa inakaribia, saa ya kuinjika maharage, na jela ilikuwa ng'ambo ya barabara. Akavuka, akaipita milango yake bila kugeuza shingo, akaenda zake, na jikoni mle hakukanyaga tena.