Darasa la Baada ya Ndagala

Mwanangu, unataka kuanzisha mradi wa kuwasaidia watu wa mtaa wako, nami nafurahi. Kabla hujaandika mstari wa kwanza wa mradi huo, nikusimulie siku moja ambayo haijanitoka moyoni.

Uhuru ulikuwa mchanga, Kalemie yetu ikiitwa bado Albertville. Sisi wanafunzi watatu wa chuo kikuu tulirudi likizo tumejaa maneno makubwa, tukaazimia kuwafundisha akina mama wa kambi ya reli kusoma. Tukaomba chumba parokiani, tukabandika tangazo mlangoni: masomo, saa mbili asubuhi. Tangazo, mwanangu, kwa watu wasiojua kusoma. Cheka tu, hata mimi nacheka leo.

Siku nne tulikaa na chaki zetu, hakuja mtu. Nilikasirika, nikashuka ufukoni mwa ziwa. Nilimkuta jirani yetu, Mama Feza, ameinama mchangani akianika ndagala, dagaa wetu, walioletwa na mitumbwi alfajiri. Nikamlaumu mbele ya wenzake kwamba hawataki maendeleo. Hakuinua hata kichwa.

"Bwana yangu iko mbali, ku Manono," alisema. "Barua zake, karani njo ananisomea, na kambi yote inajua siri yangu. Mimi nataka kusoma kukupita weye. Lakini uliniuliza ninapata nafasi saa gani?"

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikavua viatu, nikaanika pamoja nao huku nikiwauliza nafasi wanaipata saa gani. Saa tisa, walisema, ndagala wakishageuzwa. Tena hapohapo ufukoni, maana kunguru wezi hawana likizo. Tukauhamisha ubao. Kwa miezi miwili hatukukosa hata siku moja, hata upepo wa ziwa ulipoangusha ubao wetu.

Wiki ya mwisho barua ilifika. Mama Feza aliifungua mwenyewe, kidole kikifuata herufi polepole. Alipomaliza aliifunga kwenye pindo la kitenge chake. Nikamwuliza bwana anasemaje.

"Hiyo njo siri yangu," akasema, akarudi kwenye ndagala wake.

Basi, mwanangu, anza kwa kuuliza. Shika kazi yao kwanza, ujue wanataka nini na saa gani, ndipo uandike mradi wako. Ukishaanza, usiache. Na siku watakapokuwa hawakuhitaji tena, usinung'unike, hapo umefaulu. Mungu akupe masikio ya kusikia na miguu isiyochoka. Haya, vua viatu uende.