Nilimketisha Baba Mbele ya Mkwe Wake

Nimekosa, jamani. Niliyemkosea kwanza ameshazikwa. Wa pili yuko jikoni hapa hapa ninapoandika, anapika, hajui lolote. Msinionee huruma, nisomeni tu.

Mimi ni mtu wa Kyimo, wilaya ya Rungwe. Mke wangu nitamwita Tusekile, ingawa silo jina lake. Alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, na simaanishi wa kucheza jioni baada ya kazi. Kikapu ndiyo ilikuwa kazi yake! Shirika moja la umma pale Mbeya lilimwajiri kwenye makaratasi kama karani, lakini kalamu hata hakuishika. Aliajiriwa kudunda mpira, na watoto wetu walivaa viatu kwa mikono ya mama yao.

Mwanzoni nilijivuna naye. Nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai, mtu na heshima zangu. Kisha yakaja mambo ya ubinafsishaji. Kiwanda kikapata mwenyewe, na huyo mwenyewe akatupunguza. Nikarudi nyumbani kupalilia migomba. Mke wangu anatajwa redioni, mimi natajwa na nani?

Nilipopeleka ndizi sokoni Bulyaga, vijana wa kijiweni walikuwa wananisubiri. "Oya, mume wa staa! Leo umepika nini?" Mwingine anadakia, "Mwacheni awahi, shemeji akirudi lazima akute maji ya moto." Nilicheka nao, lakini moyoni nilichemka. Mimi nina hasira za karibu, ndugu zangu wote wanajua. Ila hizi sikuzimalizia kijiweni, nilizibeba mpaka nyumbani.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana wasomaji wa mbali hamtanielewa. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Hawasalimiani uso kwa uso wala hawatajani majina. Wakikaribia kukutana, mwanamke anatoka njiani, anachuchumaa kwenye migomba na kufunika uso mpaka mzee apite. Wengi siku hizi wameacha, hasa walokole. Baba yangu na Tusekile hawakuacha. Tena ungedhani wanashindana nani amheshimu mwenzake zaidi!

Baba alikuwa na kikohozi chake, na hakikuwa cha ugonjwa. Akifika kwenye kona ya kuja kwangu anakohoa kwa nguvu, ili mkwe wake asikie apate nafasi ya kujificha. Ndiyo ilikuwa hodi yake.

Naye Tusekile akirudi kutoka Mbeya hakosi sukari ya mzee, anampa mtoto apeleke. Mwaka mmoja wa baridi kali alimnunulia koti la mtumba, la kijani, zito, vifungo vya shaba. Mzee akalivaa mpaka kanisani. Akamrudishia maziwa na mkungu wa ndizi: "Mpelekeeni mama yenu, mwambieni ndaga fijo." Asante sana, ndivyo alivyosema. Walipendana hivyo, watu ambao hawajawahi kutazamana.

Na redio je! Habari za michezo zikianza, mzee alifukuza hata kuku wasimpigie kelele. Jina la mkwe wake likisikika anajipiga goti: "Mimi siruhusiwi kulitaja, lakini redio inanitajia!"

Basi, lile shirika la Mbeya nalo likawekwa sokoni. Timu ikawa inavunjwa. Wakati huo huo kampuni moja ya watu binafsi ya Dar es Salaam ilikuwa inaunda timu ya wanawake, ya kulipwa kabisa. Wakiwa njiani kwenda kucheza Malawi, wangesimama Tukuyu wacheze na kina Tusekile kwenye uwanja wa shule moja. Kocha wao alishamwambia, "Nataka nikuone mechi hii tu. Nikiridhika unapanda gari letu."

Tusekile aliniambia huku anapiga pasi jezi yake. "Baba Lugano, nikipita hapa tunahamia Dar wote. Wewe na ufundi wako, kule hukosi kazi."

Alisema kwa upendo. Mimi nikasikia "mume wa staa" ikiimbwa Dar nzima.

Ningeweza kumkataza. Lakini watu wangesema namwonea wivu, na ilikuwa kweli. Nikatafuta njia ya kumzuia bila mkono wangu kuonekana. Nikakumbuka mzee.

Siku ya mechi nikamwendea. "Baba, leo wavulana wanacheza kikapu pale Tukuyu. Twende ukauone huo mpira unaousikia kila siku."

"Na mkwe wangu?"

"Yuko Mbeya. Wanawake hawachezi leo."

Alifurahi, masikini! Akavaa lile koti. "Angalau nikione hicho kikapu kikoje."

Nilimchelewesha makusudi kwa chai mpaka mechi ikaanza. Kisha nikampenyeza katikati ya watu, nikaomba kiti kwa mwalimu, nikamketisha mbele kabisa, pembeni ya kikapu alichokuwa anafunga Tusekile. Macho ya mzee yalishaingia ukungu, aliona watu wanakimbia tu. Akaniuliza, "Mbona hawa wavulana wamesuka nywele?" Nikajifanya sikusikia.

Tusekile alikuwa anacheza ile siku, acheni! Wale wa Dar wanamkaba wawili wawili na bado anapita. Kocha wao hakukaa kabisa. Alikuwa anamnyooshea kidole, anamwambia mwenzake kitu huku anacheka. Mkataba ule ulikuwa umeshaiva.

Ndipo watu wakaanza kuimba, "Tusekile! Tusekile!"

Mzee akasikia jina. Akageuka akanitazama, nami nikatazama pembeni.

Angeweza kupiga kelele. Angeweza kunichapa fimbo pale pale, na laiti angenichapa! Alifanya kile alichofanya miaka yote ili kumlinda mkwe wake. Alikohoa.

Tusekile alikuwa na mpira mkononi. Kikohozi kile angekijua hata katikati ya soko. Akageuka, akaliona koti alilolinunua mwenyewe. Mpira ukamtoka. Akachuchumaa katikati ya uwanja, na bukta yake na singlendi, anapapasa kutafuta cha kujifunika, hakuna. Akaziba uso kwa viganja.

Baba naye, kwenye kiti, alilivua koti akajifunika kichwa chote. Uwanja mzima unacheka, na wale wawili wanaheshimiana mbele yao! Asiyekuwa na heshima pale alikuwa mimi, nimesimama nyuma ya kiti.

Tusekile akainuka akakimbia, akapasua watu, akapotelea kwenye migomba. Kocha wa Dar akauliza, "Ana nini huyu, anaumwa?" Mtu akajaribu kumweleza, yule akatikisa kichwa tu. Gari likaondoka kwenda Malawi na binti mwingine kwenye kiti chake.

Nilimkuta nyumbani amejifunga khanga juu ya jezi. "Nani alimleta mzee?"

Ningekiri saa ile, pengine angenisamehe. Nikasema, "Aling'ang'ania mwenyewe. Nilimkataza, akasema mila zimepitwa na wakati, anataka akuone."

Baba yangu mzazi, jamani! Nilimsingizia bila hata kumeza mate.

Tusekile akakaza fundo la khanga. "Kumbe kile kikohozi kilikuwa uongo," akasema. Hakulia. Mpira hakuushika tena, na sukari ya mzee ikakoma.

Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Ulisema wavulana."

"Nilikosea, baba."

"Mwambie mkwe wangu sikujua. Mwambie hivyo hivyo."

Nikasema nitamwambia. Kila nikienda ananiuliza, "Amejibu nini?" Namjibu, "Anasema yameisha." Lakini mzee si mjinga. Mtoto wa sukari haji tena, angeaminije? Akatoa betri kwenye redio akampa jirani.

Kifua kilimbana masika yaliyofuata, tukampeleka hospitali Igogwe. Sasa akawa anakohoa kweli kweli. Akaniuliza, "Mkwe wangu hatumi hata uji?" Nikasema ana kazi nyingi za shamba. Akageukia ukutani.

Siku ya mwisho niliyoongea naye alinishika mkono. "Koti lile mrudishie. Mwambie nililivua. Mwambie nilijifunika, sikumwona."

Nilimrudishia koti. Maneno sikuyafikisha, kwa sababu yangenifichua. Tusekile hakulivaa wala hakulitupa. Analifunikia ndizi ziive. Anaziuza kando ya barabara hapa Kyimo, yeye aliyeimbwa na uwanja mzima.

Kaburi la mzee liko kwenye migomba yake. Wakwe wengine hulipalilia, Tusekile hupita mbali. Majirani wanasema, "Ona mkwe anavyomheshimu mpaka leo." Mimi najua kwamba ni chuki, na najua nani aliipanda.

Nikisema ukweli, baba yangu atapata mkwe wake tena, na mimi nitabaki bila mke. Kila asubuhi nachagua mke. Na mke mwenyewe hayupo, kuna mwanamke tu ananipakulia chakula na kunyamaza. Mwanetu Lugano amerefuka, juzi alikuja na mpira wa shule, mama yake akauchukua akautia kisu bila neno.

Wewe unayesoma, kama mkeo anatajwa kuliko wewe, kaa nyuma na wenzako umpigie makofi. Wakikuita mume wa staa, itika! Jina lile halikuua mtu. Na ukiwa umeshakosa, usimtwishe mzazi wako kosa lako, maana akifa nalo huna pa kwenda kulitua.

Tena naomba kitu. Mkipita barabara ya Kyimo mkamwona mama mrefu anauza ndizi zilizofunikwa koti la kijani, mwambieni mzee alijifunika. Hakumwona. Mimi nimeshindwa.