Mstari wa Mzee Wachira

Nimeshiriki kibanda kimoja na Mercyline Nasimiyu miaka minne sasa, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai. Anakunywa akiwa amesimama, anaweka kikombe juu ya stuli, anatoka kwenye korido kutafuta kitu ambacho hata yeye hakijui, anarudi, chai imepoa, anaagiza nyingine. Mimi ni Peres, nashona na kuuza wigi. Kibanda chetu kiko orofa ya pili ya jengo moja kuukuu nyuma ya Moi Avenue, na kinatosha watu wanne ikiwa hakuna aliye mnene. Yeye anapaka kucha upande wa dirisha, mimi nina vichwa vyangu vya plastiki upande wa mlango. Habari zake zote nazijua kwa sababu hakuna pa kuzikwepea.

Alitoka Webuye kuja kusomea mambo ya hoteli, akaacha. Akasomea ushonaji, akaacha wiki ya mtihani. Amekaa Kangemi, akahamia Uthiru, akahamia Kawangware, akarudi Kangemi kwenye ploti ileile, akahama tena. Wachumba sitawataja, si tabia yangu, ila wawili walikuwa watu wazuri na wote aliwaacha bila hata ugomvi. Kila mwaka yuko mbioni kwenda mahali. Mwaka huu ilikuwa Kampala.

Kitu kimoja tu humtuliza, nacho ni brashi. Mpe brashi ya nywele tatu na ukucha wa kidole cha mwisho, atakuchorea twiga mwenye kope, na kwa dakika hizo zote hatikisiki. Akimaliza, miguu inaanza upya.

Twiga ndiye aliyetuletea mambo haya. Alichorwa kwenye ukucha wa Waceke, mteja wetu wa siku nyingi anayefanya kazi ya ofisi na kutembea kama mtu aliyechelewa. Waceke alimgeuza twiga wake kwenye mwanga, kisha akauliza:

"Mercy, unaweza kuandika herufi ndogo kama mchele? On plastic?"

"Hata kama punje ya wimbi, madam."

Baba yake Waceke, Mzee Ephantus Wachira, alipaka rangi ndege pale uwanja wa ndege wa Wilson miaka thelathini na mmoja. Ndege za kweli, za kupanda watu. Sasa anaishi na binti yake Hurlingham, kwenye fleti karibu na Argwings Kodhek. Waceke alikuwa amemnunulia boksi lenye ndege ya plastiki iliyovunjwa vipande vidogo vidogo, vingine vyembamba kama miiba ya samaki, avikate, avipige msasa, avigundishe, apate cha kufanya. Ndege yenyewe ina injini moja na bawa juu, na ukiiweka mezani ni ndefu kama shubiri moja. Mzee aliiunda mwaka mzima bila haraka. Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Daktari aliupa ugonjwa huo jina refu, Mzee akakataa kulijifunza.

Alikuwa ameshaupaka mwili wa ndege rangi nyeupe, na ubavu wa kulia alikuwa ameuchorea mstari wa buluu unaotoka puani, unapita chini ya madirisha, unaishia mkiani. Ubavu wa kushoto ulikuwa bado. Herufi za usajili nazo zilikuwa bado.

"Herufi uandike wewe," alimwambia Mercyline siku ya kwanza. "Hizo nimekubali. Lakini mstari ni wangu. Huo usiguse."

Pale Wilson, mafundi wengine walitegemea utepe wa kubandika. Yeye ukingo wa mwisho aliumaliza kwa mkono, na marubani walikuwa wakiona ndege inatua wanasema, hiyo ni ya Wachira. Hayo ni maneno yake, mimi sikuwepo. Lakini nilimwamini, na nilielewa kwamba mzee huyu alibakisha mstari mmoja duniani na hakutaka mtu amchoree.

Mercyline alimaliza herufi Jumatatu mbili. Jumatatu ya tatu akaenda tena, na ya nne, na mimi nikabaki nikiwaambia wateja eti yuko njiani. Akirudi ana habari tele. Guka kamfundisha kuyeyusha rangi hadi iwe kama maziwa. Guka kamgombeza anavyokaa. Alishaanza kumwita Mzee Guka, yaani babu, kama mjukuu wake. Wakati huo Mzee naye alikuwa kwenye kazi yake. Asubuhi akimeza dawa, kuna robo saa hivi mkono unapoa kidogo. Katika robo saa hiyo alichora kipande kisichofika upana wa kidole, akaiweka brashi chini, akangoja kesho. Siku kumi na moja. Alimaliza Alhamisi.

Ijumaa, Mzee akiwa kliniki, Waceke alikuja kibandani na boksi la viatu. Ndani, kwenye pamba, ilikuwa ndege.

"Tafadhali, ninyooshee tu hii line," alisema, akitazama korido kama mtu aliyeiba. "Jumapili wazee wa Wilson wanakuja kumwona. Sitaki wamwonee huruma. Hata hatajua."

Tuliangalia. Sitadanganya, mstari ulikuwa umepinda. Ulianza vizuri, chini ya dirisha la pili ukashuka, mlangoni ukaruka, kuelekea mkiani ukawa unatambaa tu. Ubavu wa kulia ulikuwa umenyooka kama uzi. Ungedhani ni ndege mbili.

"Mrudishie," nilimwambia Mercyline, Waceke alipotoka. "Si alikuambia usiguse?"

"Ni kunyoosha tu, Peres. Dakika tano."

"Mrudishie, mimi nakwambia."

Aliigeuza ndege akaitazama, akatoka kwenye korido, akarudi, akaitazama. Hivyo kwa saa nzima hadi nikataka kumfunga kwenye kiti. Mteja alikuja, akafukuzwa kwa adabu. Mwishowe Mercyline akachukua pamba, akaichovya kwenye asetoni ili aufute mstari.

Msimwone mjinga. Asetoni anaijua kuliko anavyomjua mama yake. Anajua inakula plastiki, ndiyo anayotolea kucha bandia. Lakini kucha bandia hulowekwa robo saa ndipo zilegee, na yeye alihesabu kwamba kugusa mara moja hakudhuru. Akaipitisha pamba mara moja, puani hadi mkiani. Plastiki ya ndege ile ni nyembamba, sijui ni ya namna gani. Ubavu ukalainika palepale kama ugali mbichi. Pamba ikanata. Akavuta, nyuzi zikabaki, na mstari wote wa Mzee, siku zake kumi na moja, ukageuka uji wa buluu.

Hakulia. Aliiweka ndege kwenye boksi, akavuta begi lake chini ya meza, akaanza kutia brashi zake moja moja.

"Unaenda wapi?"

"Kuna mtu wa Kampala alinipea namba. Basi ya saa kumi."

Hapo damu ilinipanda. Nilimwambia mambo ambayo nilikuwa nimeyahifadhi miaka minne. Nilimwambia hoteli aliacha, cherehani aliacha, wanaume aliacha, sawa, hizo ni zake, atajuana nazo. Lakini ndege ya watu haiachwi kwenye boksi la viatu ili mimi ndiye nielezee. Nilisimama mlangoni na mwili wangu wote, na mwili ninao. Wigi mbili zilianguka nikipiga kelele.

Aliliacha begi, akachukua boksi. "Basi twende na wewe," alisema. "Peke yangu nitatoroka. Najijua."

Tulienda kwa miguu, kwa sababu hakuweza kukaa popote. Alipanda Valley Road akikumbatia lile boksi, mimi nyuma nikihema, nikilaani viatu vyangu. Mara mbili alisimama na kugeuka kana kwamba anarudi mjini. Mara zote mbili alinikuta nyuma yake.

Mzee Wachira alikuwa amerudi kutoka kliniki. Alikaa mezani sebuleni, mikono ameikalia ili isitetemeke mbele ya wageni. Mercyline hakusalimia hata. Alifungua boksi, akaweka ndege mbele yake.

"Ni mimi, Guka. Nilikuwa nataka kuinyoosha."

Mzee alitoa mkono mmoja, akaupitisha pale palipoyeyuka. Mkono ulikuwa unaruka ovyo, ukagonga bawa.

"Ni Waceke alikupea?"

"Ni mimi niliharibu."

"Ilinichukua siku kumi na moja."

"Najua."

"Hujui," alisema. "Sasa hivi hata kijiko kinanishinda. Hiyo siwezi kurudia."

Nikatamani ile sakafu inimeze. Mercyline alikuwa amesimama amenyooka, kwa mara ya kwanza nilimwona amesimama bila kuhamahama. Mzee akamtazama, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyepigwa bila kosa.

"Kwani ilikuwa mbaya hivyo?"

Kazi yetu tunadanganya watu kutwa nzima. Wigi imekukaa, rangi imekutoa. Nikangoja aseme ilikuwa nzuri.

"Ilikuwa imepinda," Mercyline alisema. Akaweka kidole mezani. "Hapa kwa pua ilianza poa. Hapa, chini ya dirisha la pili, ikashuka, ikarudi polepole. Hapa kwa mlango ikaruka mara mbili. Halafu ikawa nyembamba, kama umechoka, mpaka mkiani."

Kidole chake kilikuwa kinachora kwenye meza kila kona. Alikuwa ameuchukia mstari ule saa nzima, na kwa kuuchukia akawa ameushika wote kichwani. Mzee aliinama, akakifuata kidole kwa macho hadi mwisho.

"Basi nirudishie," alisema. "Hiyo hiyo. Ukininyooshea, usirudi hapa tena."

Waceke alilia aliporudi kutoka kazini, na Mzee hakumsemesha hadi Jumanne. Wazee wa Wilson walipokuja waliambiwa ndege iko karakana, wakacheka, wakanywa chai. Ilichukua Jumatatu sita. Kungoja plastiki ikauke, kuitoa nyuzi, kujaza mashimo kwa puti, kupiga msasa, kupaka nyeupe, kupiga msasa tena. Mercyline alikaa. Nilikuwa nampigia simu nikidhani ameenda Kampala, kumbe yuko Hurlingham anapuliza vumbi.

Kazi ngumu ikawa mstari wenyewe. Alijizoeza kibandani kwenye kucha za plastiki, pakiti nzima. Mkono wake haujui kutetemeka, kila alipojaribu ulitoa mawimbi mazuri, sawasawa, kama ya kitambaa. Alipompelekea kucha hizo, Mzee alizitazama moja moja akazirudisha.

"Huo ni urembo. Mkono wangu haurembi."

Jumatatu ya mwisho nilifunga kibanda nikaenda kutazama. Mzee alikaa karibu, mikono ameificha chini ya mapaja. Mercyline alianzia puani. Akashuka chini ya dirisha la pili, akapanda polepole. Alipofika mlangoni, brashi ikaruka.

Mzee akavuta pumzi.

"Hapo ndipo nilikohoa," alisema.

"Najua, Guka," Mercyline alijibu bila kuinua kichwa. "Ulikohoa mara mbili."

Akaichovya brashi, akaruka tena kidogo, akaendelea kuelekea mkiani.